Safari Yangu ya Jinja, Mahali Majivu ya Gandhi Yalipotiwa Mtoni

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba mto Naili huanza safari yake katika mji wa Jinja, nchi ya Uganda. Tukaandika jambo hilo katika madaftari yetu, kisha tukalisahau. Lakini ni wachache wajuao kwamba mahali hapo hapo, mto utokapo ziwani, ni mahali paheshimiwapo sana na watu wa dini ya Kihindu wanaokaa katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, na ya kuwa mwaka wa 1948 palitiwa sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi. Mimi nami sikuwa na habari hiyo mpaka nilipoambiwa na mzee mmoja mwenye duka mjini Kisii. Maneno yake ndiyo yaliyonitoa nyumbani, na niliyoyaona huko yakamaliza shauri moja lililokuwa zito katika boma letu. Kwa hiyo nimeona vema niwaeleze wasomaji.

Kwetu ni karibu na soko la Nyakoe, katika barabara itokayo Kisii kwenda Kisumu. Mwaka wa 1994 ndugu yangu aliyenifuata, ambaye alikuwa mchuuzi wa samaki, alikuwa akivuka ziwa kutoka kisiwa cha Mfangano pamoja na wenzake. Tufani ikapiga, mashua ikapinduka. Wengine waliokolewa, na wengine miili yao ilionekana baada ya siku mbili tatu. Yeye hakuonekana kamwe.

Kila msomaji wa kwetu aelewa ugumu wa jambo hilo. Mkisii huzikwa nyumbani kwake, kando ya nyumba yake. Kaburi ndilo liwaonyeshalo watoto kwamba hapa ni kwao. Mtu asiye na kaburi ni kama mtu aliyetoka asubuhi na mlango wake ukaachwa wazi. Wazee wetu walikaa barazani wasipatane; wengine walitaka tuchimbe kaburi tusimtie mtu, na wengine wakasema kwamba kaburi tupu ni kuita msiba mwingine. Mama alikataa yote mawili. Alisema kipande kile mbele ya nyumba yake, ambapo mwanawe angalijenga, kisiguswe na jembe mpaka ajue yuko wapi. Basi kikakaa majani matupu zaidi ya miaka 20. Nanyi mwajua ardhi ya Kisii ilivyo haba: watu ni wengi, mashamba ni vipande, na vijana walipooa walianza kunong'ona juu ya kile kipande. Kwa kuwa mimi ndimi mkubwa wao, shauri liliniangukia mimi.

Siku moja nilikwenda dukani kununua misumari na mabati. Mwenye duka, mzee wa Kihindu aliyezaliwa papo hapo Kisii, aliniona nimeinama akaniuliza, "Bwana, habari za nyumbani?" Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba yangu naye hana kaburi. Aliuza duka hili miaka 40, alijua Kikisii kuliko mimi, na hana kaburi popote. Tulimpeleka Jinja."

"Mzee," nikamwuliza, "basi mwenda wapi mkitaka kumkumbuka?"

Akajibu, "Hapo hapo mtoni. Nenda ukaone."

Kabla sijaeleza safari yenyewe, yafaa niseme kidogo juu ya desturi hiyo, kwa maana wengi wetu twaiona kuwa ya ajabu, na wengine huicheka bila kuijua. Wahindu huamini ya kwamba mwili wa mwanadamu umeumbwa kwa vitu vitano, navyo ni ardhi, maji, moto, hewa na anga. Mtu akifa mwili huchomwa ili kila kitu kirudi asili yake. Kisha majivu na vipande vya mifupa hukusanywa, vikatiwa katika maji yaendayo. Mto uliotukuka kuliko yote kwao ni Ganges, ambao wao huuita Ganga, nao humwita Mama.

Ukingoni mwa mto huo upo mji wa kale sana uitwao Banaras, au Varanasi, na jina lake la zamani ni Kashi. Mji huo umejengwa upande wa magharibi wa mto, nao una vituo zaidi ya 80 vya ngazi za mawe zishukazo mpaka majini, na kila kituo huitwa ghati. Alfajiri watu maelfu hushuka kuoga wakielekea jua lichomozapo ng'ambo. Jioni makuhani huinua taa za moto mbele ya mto huku kengele zikilia. Katika ghati iitwayo Manikarnika maiti huchomwa mchana na usiku. Wahindu huamini kwamba mtu akifa huzaliwa tena na tena katika miili mingine, lakini afiaye Kashi hufunguliwa katika mzunguko huo. Ndiyo sababu wako wazee na wagonjwa waendao kukaa huko kungoja mauti yao, na wala hawaendi kwa huzuni. Tena lipo jambo jingine: Ganges, ambao kwa sehemu kubwa huelekea mashariki na kusini, ufikapo Banaras hugeuka ukaenda kaskazini, na hiyo huhesabiwa kuwa ishara njema. Mwishoni mwa habari hii mtaona kwa nini nalitaja hilo.

Lakini si kila Mhindu aliyekufa Afrika aliweza kurudishwa Ganges. Reli iliyofika Kisumu mwaka wa 1901 ilijengwa na Wahindi zaidi ya 30,000 walioletwa kwa mkataba, nao karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, kwa ajali na kwa kuliwa na simba. Waliobaki, pamoja na wafanya biashara waliokuja kwa hiari yao, walifungua maduka mpaka vijijini kwetu. Vizazi vikafuatana. Watu hawa wakawa na haja ya mto ulio karibu.

Ndipo ikaja habari ya Gandhi. Yeye alikaa Afrika ya Kusini tangu mwaka 1893 hata mwaka 1914, na huko ndiko alikojifunza kupinga dhuluma bila kupiga mtu. Tarehe 30 Januari, 1948, akiwa Delhi njiani kwenda kusali sala ya jioni, alipigwa risasi na mtu wa dini yake mwenyewe. Mwili ulichomwa siku ya pili yake. Majivu mengi yalitiwa mahali Ganges ukutanapo na mto Yamuna, penye mji uliokuwa ukiitwa Allahabad, ambao tangu 2018 huitwa Prayagraj. Lakini sehemu nyingine ziligawanywa, zikapelekwa katika mito mingi, na moja ikavuka bahari ikaja Jinja ikatiwa katika Naili.

Basi nilifunga safari. Niliondoka Nyakoe kabla ya jua kuchomoza, wakati akina mama walipokuwa wakipanga mikungu ya ndizi kando ya barabara. Tulipita Oyugis, tukateremka mpaka Ahero, nchi tambarare ya mpunga, tukafika Kisumu. Pale ghubani nililitazama ziwa, nami husema kweli kwamba tangu mwaka ule wa msiba sikupenda kulitazama. Magugu maji yalikuwa yamefunika sehemu kubwa ya maji, mtu angedhani ni shamba. Toka hapo tukaenda Maseno, Yala na Ugunja hata Busia, mpakani. Raia wa Kenya aweza kuvuka kwa kitambulisho chake tu, na siku hizi maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja, hivyo mtu hapigi foleni mara mbili. Ng'ambo ya pili tulipita Bugiri na Iganga. Karibu na Jinja miwa ilitanda pande zote mbili za njia. Hayo ndiyo mashamba ya Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alianza kiwanda cha sukari mwaka wa 1930.

Jina la Jinja katika lugha za Waganda na Wasoga maana yake ni mawe, kwa sababu ya miamba iliyokuwapo mto unapotoka ziwani. Sisi husema rigena, nao husema ejjinja. Si maneno ya mbali sana, na mtu atokaye nchi ya mawe ya Tabaka hawezi kujiona mgeni. Miamba hiyo ilifanya maporomoko ambayo Mwingereza John Hanning Speke aliyafikia mwezi wa Julai, 1862, akayaita Ripon. Siku hizi maporomoko hayo hayaonekani. Mwaka wa 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, na maji yakapanda yakaifunika miamba. Leo mto hutoka ziwani polepole, mpana, bila kelele.

Mji wenyewe una barabara pana zilizonyoka na miti mikubwa ya kivuli. Katika barabara kuu majumba mengi ya zamani yamechorwa juu ya mlango jina la ukoo wa Kihindi na mwaka wa kujengwa. Niliyasoma mengi, na kila niliposoma nilikumbuka ya kwamba mwezi wa Agosti, 1972, Idi Amin aliwapa watu hao siku 90 waondoke katika nchi. Wakaondoka, wakaacha majumba, maduka na mahekalu. Katika miaka ya 1990 serikali iliwarudishia mali zao, na baadhi yao wakarudi. Mzee wangu wa Kisii alikuwa ameniambia, "Nyumba zilichukuliwa, mto haukuchukuliwa." Nilipokuwa nikiyasoma majina yale nilifahamu maana yake.

Asubuhi ya pili nilikwenda kwenye bustani iliyo ukingoni, upande wa mashariki wa mto. Hapo pana sanamu ya Gandhi, kichwa na mabega, iliyozinduliwa mwaka wa 1997 na Waziri Mkuu wa India wa wakati huo, Inder Kumar Gujral. Sanamu si kubwa. Mtu aliyezoea kuona wafalme juu ya farasi aweza kuipita bila kugeuza shingo. Lakini shingoni ilikuwa na shada la maua ya manjano ambayo hayajanyauka, na yaonyesha kwamba mtu alikuwa amefika kabla yangu.

Wala wasomaji wasidhani kwamba utukufu wa mto huu uliletwa na Wahindi. Wasoga waliuheshimu tangu kale. Mwendo mfupi kutoka Jinja palikuwa na maporomoko ya Bujagali, makao ya mzimu wao mkuu uitwao Budhagali, na watu walikwenda hapo kuomba afya na watoto. Maporomoko hayo nayo yalifunikwa na bwawa jingine, lililoanza kazi kamili mwaka wa 2012, na kabla ya kufunikwa wenyeji walifanya matambiko ya kuuhamisha mzimu. Sisi nasi kwetu tuna miamba ya Manga na pango la Ngoro ya Mwaga, ambapo wazee wetu hawakupita wakipiga kelele. Kila taifa lina mahali pake pa kuvua kofia.

Nikakodi nafasi katika mashua. Mwenye mashua, kijana wa Kisoga, alinikabidhi koti la kuelea akasema, "Vaa, Mzee, ni sheria." Nililishika muda mrefu kabla ya kulivaa. Nilikuwa nikiwaza bei yake, na jinsi lilivyo jepesi, na kwamba mwaka ule hakuna hata mtu mmoja katika mashua ya ndugu yangu aliyekuwa nalo. Nawaomba wote wavukao ziwa kwa biashara, wasikubali kuingia chomboni bila vazi hilo, hata kama bahari yao ni shwari.

Katika mashua walikuwamo watu wengine wanne: mama mmoja wa Kihindi mwenye nywele nyeupe, wanawe wawili na mjukuu. Walitoka Kampala. Tulikwenda mpaka katikati, mahali maji yanapofanya vidimbwi vinavyozunguka. Waongozaji husema kwamba chini yake ziko chemchemi. Ndege weusi waitwao minandi walikuwa wamekaa juu ya magogo wakianika mabawa. Kijana wa mashua akazima injini bila kuambiwa. Yule mama akafungua kikapu, akatoa maua na taa ndogo ya udongo iliyowekwa juu ya jani. Mwanawe akaiwasha. Wakaishusha majini, nayo ikachukuliwa, ikayumba, haikuzimika mara moja.

Baadaye nilimwuliza yule kijana mkubwa, "Bwana, ni nani mliyemkumbuka?"

Akasema, "Babu yetu, Mzee. Tulimleta hapa mwaka niliomaliza shule."

"Nanyi mwajuaje kwamba ni mahali hapa hasa? Maji yale yamekwisha kwenda."

Akatabasamu, akasema, "Hatujui. Sisi huja tu."

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Nilikuwa nimetumaini kupewa hoja kubwa ya dini, nami nikapewa maneno manne ya mtu wa kawaida. Mimi si Mhindu, wala sikwenda Jinja kubadili dini yangu, na bado naona kwamba desturi yetu ya kulala katika udongo wa nyumbani ni njema. Lakini niliona kwa macho yangu watu wasio na kaburi hata moja, nao hawakumpoteza mtu wao.

Kisha nikafikiri jambo ambalo nilijifunza utotoni nisijue faida yake. Mto wetu Gucha hutoka katika milima ya Nyamira, hupita nchi ya Kisii, ukaingia ziwani upande wa Migori. Sondu nao huingia ziwani. Vijito vyote vya Nyakoe, hata kile ambacho mimi na ndugu yangu tulichota maji, huishia huko huko. Na Ziwa Victoria, kwa ukubwa wake wote wa kilomita za mraba karibu 68,800, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni huo wa Jinja. Toka hapo maji huelekea kaskazini, kama Ganges pale Banaras. Hupita Sudan Kusini, Khartoum na nchi ya Misri, na baada ya miezi mitatu hivi na kilomita maelfu huingia bahari ya Mediterania. Maana yake ni kwamba mvua iliyonyesha juu ya paa la mama yangu na ziwa lililomchukua mwanawe hupita katika lango lile lile walikopita Gandhi na yule mwenye duka wa Kisii. (Na udongo wetu mwekundu nao hupita humo, kwa wale wasiopenda kulima matuta; lakini hilo ni shauri la siku nyingine.)

Nilivua kofia. Nikataja jina la ndugu yangu kwa sauti, mara moja, kwa lugha yetu. Yule mama wa Kihindi hakujua maneno yangu, lakini aliinamisha kichwa, akachukua ua moja katika kikapu akanipa. Nikaliweka juu ya maji.

Niliporudi Nyakoe nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mama. Sasa ni mzee sana, na haoni vizuri, lakini akili zake ni timamu. Nikamweleza yote, tangu Busia hata mashua, nikamweleza habari za mito. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Maji ya kwetu hufika huko?"

Nikasema, "Hufika, Mama. Hayana njia nyingine."

"Na ulikuta watu?"

"Naam, walikuwapo watu, na sala, na maua. Na kila siku wapo."

Akakaa kimya mpaka nikadhani amesinzia. Ndipo akasema, "Basi hayuko peke yake." Na baada ya kitambo akaongeza, "Mwambie mkeo atafute jembe. Majani yale yamekuwa maficho ya nyoka."

Siku ya pili tulikilima kile kipande, wana na wajukuu pamoja, na mama akatoka na mkongojo wake akakaa juu ya kiti kutuangalia. Tumepanda migomba 30. Hatukuweka jiwe wala msalaba. Lakini wajukuu, ambao hawakupata kumwona baba yao mdogo, wakitumwa kukata majani ya kufunikia chakula husema wanakwenda kwake, nao humtaja kwa jina.

Ewe msomaji, ukipata nafasi na nauli, nenda Jinja. Si mbali, ukitoka Kisii alfajiri waweza kulala huko. Ukifika usiishie kupiga picha na kununua samaki wa kukaanga. Simama kidogo penye maji, na ukumbuke ya kwamba sehemu yake imetoka kwenu.